Pundamilia wa Mkwe Wangu

Mkwe wangu ni fundi mwashi. Alianguka kutoka jukwaa la ujenzi akavunjika mikono yote miwili. Kichwa na miguu Mungu akamwachia, ashukuriwe. Binti yangu anashinda saluni, kwa hiyo nikaja mimi kumtazama. Kumlisha mkwe kwa kijiko si mchezo. Yeye anaangalia dari, mimi naangalia mlango, kijiko kinajitafutia njia.

Kilichokuwa kikimtuliza ni mchezo wa simu: bustani ya wanyama aliyoijenga kwa miaka miwili, ina twiga, viboko na mabwawa. Sasa hana vidole vya kuichezea. "Mama, mshikie simu," binti yangu akanisihi. "Bustani ikimfia, mimi nitakufa kwa kununiwa."

Basi nikawa vidole vyake. "Mama, gusa pale penye majani. Mama, wape maji." Nagusa.

Siku ya kwanza pundamilia walikuwa sita. Siku ya pili, kumi na tisa. Mimi nimefuga sungura tangu marehemu mume wangu yu hai, najua kinachotokea madume na majike wakilala zizi moja. Lakini mkwe utamwambiaje? Nikaendelea kugusa. Na yeye kila akizaliwa mtoto anakohoa.

"Wameongezeka," anasema.

"Neema," najibu. Kila mtu anageuza uso.

Siku ya nne walifika arobaini na mmoja. Majani yamekwisha, wengine wamelala chini hoi, na juu ya zizi inawaka alama nyekundu. Yakaja maandishi. Mkwe akayasoma, uso ukamshuka.

"Mkaguzi wa mchezo anapita saa kumi leo. Akikuta msongamano, bustani inafungwa. Yote, mama. Mpaka twiga."

"Si wapelekwe bustani nyingine?"

"Tukipeleka ishirini, waliobaki si wata..." Akakohoa.

"Wata nini, baba?"

"Wataongezeka."

Tukapeleka ishirini. Kufika saa nane wamezaliwa wengine watano. Machozi yakamlenga yule kijana, na hana hata mkono wa kuyafuta. Nikamfuta kwa ncha ya mtandio. Kimoyomoyo nikaomba: Mungu wangu, niondolee aibu hii kwa dakika tano tu. Kisha nikageuza kiti, nikampa mgongo, nikazungumza na kabati la nguo.

"Wewe kabati, mimi madume wa sungura huwatenga upande wao, basi. Huyo fundi wako hajui kujenga ukuta?"

Halafu kitandani ikatoka sauti ndogo: "Kabati, mwambie mama ukuta najua. Niliona aibu kumwambia mama mkwe atenge madume."

"Kabati, mwambie huyo mama mkwe amezaa watoto saba. Hakuwaokota sokoni."

Alicheka mpaka kitanda kikalia. "Mama, usinichekeshe, mikono inauma!"

Tukaingia kazini, mimi bado nimempa mgongo, simu nimeiinua begani aione. Madume wana alama ya buluu. Nikawaburuta mmoja mmoja, nikajenga ukuta anavyoniongoza. Dume mmoja akasimama ukutani anachungulia ng'ambo. "Utazoea," nikamwambia.

Saa kumi mkaguzi akatokea, kijitu chenye kofia. Kwa pundamilia alisimama muda mrefu. Sijui kama inafaa kuwaombea wanyama wa kwenye simu, ila niliwaombea. Akatupa nyota nne, akaenda zake. Ya tano alitunyima kwa sababu ya bwawa la viboko kuwa chafu, na hakutuonea, nililiona mwenyewe.

"Imepona! Mama, bustani imepona!" Mkwe alipiga kelele, miguu inarusha shuka. Kisha akatulia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nije.

"Mama, kuna jambo navumilia tangu Jumatatu."

"Sema. Aibu tumeshaimaliza."

"Mgongo unawasha. Bado kidogo niukune kwenye dirisha."

Nikaenda jikoni nikarudi na mwiko.

"Chini kidogo, mama. Kushoto. Hapo! Hapo hapo!"

Binti yangu akaingia, akaganda mlangoni na mkoba begani. "Jamani, mnafanya nini?"

"Hebu ngoja," tukamwambia kwa pamoja. "Tuna kazi."