Hewa ya Nélida

Fundi Abundio alipanda juu ya meza ya kulia chakula bila kuvua viatu, akapiga lipu kwenye ufa wa dari kwa mara nyingine, akashuka na kuitazama kazi yake kama mtu aliyeumba mwezi.

"Huu umekwisha, Doña Fortunata. Ukirudi, niite mbwa."

Wiki iliyofuata ufa ulirudi. Fortunata akampigia simu, akamwita mbwa, naye akaja.

Nyumba ilikuwa kwenye miteremko ya Comas, kaskazini mwa Lima, ambako anga lina rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Marehemu mumewe ndiye aliyemwaga zege la dari ile kwa msaada wa majirani, akaacha nondo zimesimama wima juu ya paa zikingoja ghorofa ya binti yao Nélida. Nondo zilishika kutu zikingoja. Sasa Nélida alikuwa mjamzito, na yeye na mumewe walilala kwa mama mkwe, nyuma ya pazia, katika nyumba ambamo hata kukohoa kulihitaji ruhusa. Fortunata alitaka kujenga kabla mtoto hajazaliwa. Lakini dari inayopasuka haijengewi juu. Kwanza kijulikane chanzo.

Chanzo walikijua wote. Abundio alisema ni unyevu. Jirani wa kushoto alisema ni bajaji zinazopanda kilima zikiunguruma. Padri alisema ni vitetemeko vidogo ambavyo Mungu huwatumia wasiohudhuria misa. Na Wilmer, mtoto wa kiume wa Fortunata, katibu wa kamati ya mtaa, mtu anayejipulizia manukato hata akienda kununua mkate, alisimama katikati ya sebule, mikono kiunoni.

"Ni kilima, mama. Kilima kinajinyoosha."

"Kinajinyoosha kwani kililala?"

"Haya ni mambo ya kitaalamu, mama. Huwezi kuyaelewa."

Wilmer aliwahi kuanza shule ya ufundi, hakuwahi kuimaliza. Lakini ujinga ukishavalishwa tai hujiona umehitimu.

Fortunata akaachana na wajuzi, akalala chali kwenye kochi, akaitazama dari. Aliona kwamba ufa ulikuwa na ratiba yake. Asubuhi, harufu ya vitunguu vya kukaanga iliposhuka kutoka juu, ulitanuka upande wa jikoni. Kisha ulitambaa kuelekea barabarani kama mtu anayewahi kazini. Jioni ulirudi. Jumapili ulichelewa kuamka.

Siku moja yalikuja manyunyu, akapanda paani kuanua nguo. Manyunyu yalianguka kila mahali isipokuwa katikati ya paa. Hapo yaliteleza wima kana kwamba yanashuka ukutani, yakazunguka dirisha, yakadondokea kizingitini. Ukuta haukuwepo. Fortunata akatua kapu la nguo, akapiga hodi hewani.

Mwanamume mwenye ndala na kikombe cha chai akamfungulia.

"Karibu, jirani. Jifute miguu tafadhali, mke wangu katoka kupiga deki sasa hivi."

Fortunata akajifuta miguu, akaingia.

"Nyie ni akina nani juu ya kichwa changu?"

"Mimi Toribio, na huyu mke wangu Glicería. Sisi ndio wenye hewa. Alituuzia Don Wilmer."

Kwenye kilima kile kuuza hewa si jambo geni. Mwenye paa humuuzia mwenzake nafasi iliyo juu yake, naye hujenga.

"Mbona hamkujenga?"

"Matofali yalitushinda bei," alisema Toribio. "Tukasema, si hewa tumeshanunua? Tukahamia."

Fortunata alizungusha macho. Vitu vyao vilikuwa safi na vimepangwa vizuri.

"Lile kabati lisogezeni pembeni. Linanipasua sebule."

Wakalisogeza wote watatu, huku Glicería akiomba radhi.

"Utusamehe, mama. Wengine hununua hewa wakawa watu hewa. Sisi tuna uzito wetu."

"Na huko juu yenu?"

Toribio akaonyesha kwa kidevu. "Juu yetu kuna msusi. Juu ya msusi kuna mpiga tarumbeta. Wote waliuziwa na Don Wilmer. Na sisi dari yetu inapasuka, jirani. Nilitaka nikuulize, huyo fundi wako ni mzuri?"

"Ni mbwa," alisema Fortunata.

Waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwahi kuishi Comas, ambako mjane huziba ufa kila wiki na wengine wakajenga ukuta utosini mwake, tena ukuta usiokuwepo.

Alimkuta Wilmer kwenye ofisi ya kamati, akichana nywele.

"Umeuza hewa yangu."

"Ilikuwa imekaa bure, mama."

"Ilikuwa ya dada yako!"

"Nélida hajawahi kuipumua hata siku moja. Mimi nimewapa watu makazi. Wananishukuru, hata kura watanipa."

"Na bado utauza nini? Kivuli changu?"

Wilmer alilifikiria jambo hilo kwa makini.

"Kivuli hakina soko," alisema.

Fortunata akampeleka kwa hakimu wa mtaa. Hakimu aliuliza kama hewa imepungua. Akavuta pumzi, akaona inamtosha, akafunga shauri. Wilmer akamshika mkono hakimu kwa mikono yake yote miwili, kama wafanyavyo watu ambao mikono yao haijawahi kushika kitu kingine kizito.

Nélida alisikiliza habari yote akiwa amekaa kwenye kochi, tumbo limemtangulia. Hakulia.

"Imebaki?" aliuliza.

"Nini, mwanangu?"

"Hewa."

Ilikuwa imebaki juu kabisa, juu ya mpiga tarumbeta. Wilmer alimuuzia dada yake kwa bei ya udugu, ambayo ni bei ileile ya watu wengine ikitanguliwa na kukumbatiwa. Siku ya kuhama, Nélida alipanda na mto kwapani, mumewe nyuma na godoro kichwani. Walipita kwa Toribio, samahani. Wakapita kwa msusi, samahani. Wakapita kwa mpiga tarumbeta, aliyeshusha tarumbeta yake ili godoro lipite. Fortunata alisimama uani akitazama juu mpaka shingo ikamuuma. Aliona nyayo za binti yake, kisha mawingu.

Jumapili Wilmer alikuja kula chakula cha mchana, kwa sababu hakuna Jumapili aliyowahi kukosa. Ufa mpya ulikuwa umetokea juu ya meza, mwembamba, wenye kusitasita, kama hatua za mwanamke mzito anayetafuta pa kuweka kitanda cha mtoto. Fortunata hakuuziba.

Mama alipakua supu ya kichwa cha kondoo, akamwekea mwanawe jicho, kama alivyozoea.

Wilmer akatazama juu, akasikitika.

"Ufa mwingine tena! Mama, huyo fundi anakula hela yako bure. Wewe huwa huoni mtu akikuibia."

Huko juu Nélida akageuka. Vumbi jeupe likashuka polepole, likaingia kwenye bakuli la Wilmer. Akalikoroga, akanywa, akalamba kijiko.

"Leo," alisema, "chumvi imekolea."