Sikio la Tatu

Barua niliiandika mimi. Hilo ndilo lililonikaa kifuani tangu asubuhi ya Jumanne, mgambo wawili walipoingia kibandani kwetu Soni wakamchukua kaka yangu Nathanieli, bisibisi bado iko mkononi. Kaka ni fundi redio. Mikono yake ni hodari, lakini mwandiko wake ni kama kuku aliyepita kwenye majivu, kwa hiyo barua zote za kibanda naandika mimi. Nilimaliza darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka. Safari hii ulisomeka kupita kiasi.

Ulikuwa mwaka wa vita. Kila mkutano tuliambiwa tufumbue macho, mgeni aripotiwe, adui ana masikio kila mahali. Barua yetu tulimpa utingo wa basi ampelekee Silvano, fundi mwenzake kaka aliyeko Tanga. Pale Mombo penye kizuizi mifuko ikapekuliwa.

Nilikwenda ofisini kwa Ndugu Kristofa, katibu wa chama, nikapiga magoti nikamwamkia shikamoo. Alifungua karatasi akanisomea maneno yangu mwenyewe, polepole, kama mwalimu anayesahihisha imla:

"Risasi imetuishia, tuma upesi. Sikio la tatu limeshapatikana, linasikia kuliko yale mawili. Mweusi upande juu, mweupe uende ardhini. Usimwonyeshe mtu."

Kumbe maneno yakisomwa na mtu mwingine yanageuka. Kibandani yalikuwa maneno ya kazi tu. Risasi ni ile ya kuyeyusha na kuungia nyaya, na ilikuwa adimu kama sabuni, ndiyo maana tukasema asimwonyeshe mtu. Masikio ni vile visanduku vya sumaku vilivyo chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Nilimweleza hivyo. Akaniuliza huyo mweupe wa kwenda ardhini ni padri yupi.

"Ni waya, ndugu katibu. Nimeandika uende. Angekuwa mtu ningeandika aende."

"Wapelelezi nao wamesoma ngeli," akasema.

Kisha akaniambia lori la kwenda Tanga litapita saa nane, na kaka yangu atakuwa ndani yake. Nilijua maana yake. Kuna baba mmoja wa Kwai alipandishwa lori kama hilo mwezi wa kumi na moja, na mkewe mpaka leo anauliza. Nikamwomba anipe nafasi nimwonyeshe hilo sikio likifanya kazi. Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na nusu.

Mgambo alinisindikiza kibandani. Mlangoni nikamkuta Paskali, mchuma chai mwenye asili ya Songea, mpiga gitaa wa bendi ya shamba. Magitaa ya kibandani yalikuwa yake na habari zilikwishamfikia. Siku nyingine angenitania, "Mghoshi yuko wapi, ananifichia mke wangu?" Mghoshi ni kaka, mke ni gitaa. Siku ile aliyabeba tu magitaa yote mawili, la zamani la masikio mawili na hili jipya la matatu, ambalo kaka alikuwa hajamaliza kuliunga.

Kaka alizoea kusema gitaa la masikio mawili ni nyumba ya mume na mke. Moja liko shingoni, sauti nene. Jingine mkiani, sauti nyembamba kali. Swichi ukiipeleka huku anaongea mume, huku anaongea mke, katikati wanaongea pamoja. La masikio matatu umemleta mama mkwe akae kati, na sasa kila waya una kesi yake.

Na mama mkwe huyu alikuwa na kasoro. Nta iliyoshika nyaya zake ndani iliyeyuka kwa joto la Tanga lilikotoka, nyaya zikalegea, likawa linasikia si nyuzi tu bali hata mtu akisema karibu. Siku moja kaka alipokuwa akilijaribu aliinama juu yake akaniuliza, "Selina, chai iko wapi?" Maneno yakatoka kwenye spika, na mimi, kaka na Paskali tukacheka mpaka tukashika mbavu. Kicheko kile nilikikumbuka njia nzima mpaka ofisini. Nikiliunga sikio la tatu kwa haki, Ndugu Kristofa atasikia gitaa linasema, aseme hicho ndicho chombo cha mpelelezi. Nisipoliunga, barua yangu ni ya uongo.

Ofisini palikuwa na redio ya mbao yenye matundu nyuma ya kuchomekea gramafoni, na hapo ndipo gitaa lingechomekwa. Jiko la tarishi lilikuwa linachemsha chai, nikaweka chuma cha kuungia kwenye makaa. Sikuwa na risasi, kwa hiyo nikachokonoa viungo vya gitaa la zamani, nikakusanya vitone vidogo kama punje za uwele. Paskali aliangalia gitaa lake likivunjwa. Ndugu Kristofa alisogeza kiti akakaa mbele ya mikono yangu.

Nilikuwa nimemtazama kaka miaka mitatu. Kuunga mwenyewe, nilikuwa sijawahi.

Nyaya nyeupe tatu nilizipeleka kwenye bati moja. Hilo ndilo tunaloita ardhi, nikamwambia katibu, naye akaitikia kwa kichwa. Swichi ilikuwa na miguu mitatu. Mweusi wa shingoni nikauweka mguu wa kwanza, mweusi wa mkiani mguu wa tatu. Ukabaki mguu wa kati. Tarishi akamletea chai, naye akageuza uso kuipokea. Nikachukua kipande cha waya kifupi kama kucha, nikauunga mguu wa kati na ule wa tatu. Mweusi wa sikio la tatu nikaukunja chini ya bati, haugusi kitu. Nikafunika, nikakaza skrubu. Jasho lilinidondokea kwenye ubao, nikalifuta kwa kanga.

"Piga," katibu akasema.

Paskali akapiga shingoni, redio ikatoa sauti nene. Akapiga mkiani, ikalia kwa ukali. Katibu akanyoosha kidole mwenyewe, akasukuma swichi kati.

Paskali akagusa uzi mmoja akaacha. Masikio yake ni ya mwanamuziki. Alijua hapohapo kwamba ni mkia uleule. Akaniangalia, na mimi sikuthubutu hata kupepesa. Kisha, taratibu, akahamisha mkono wake wa kulia kuelekea shingoni akapiga huko, na sauti ikanenepa, ikawa nyingine kabisa.

"Umeisikia tofauti, ndugu katibu?" Paskali akauliza.

Katibu alipiga goti, akaweka mdomo karibu na nyuzi, akasema kwa nguvu, "Soni hapa. Soni hapa. Mnanipata?"

Redio ikaguna. Nyuzi zilikuwa zimetikiswa na pumzi yake. Niliona jicho lake likifunguka. Paskali akalaza kiganja juu ya nyuzi.

"Hazijatulia, ndugu. Sema sasa."

Akasema tena, mara mbili. Redio ilivuma tu kama nyuki walio mbali.

Saa nane kasoro robo kaka aliachiwa, akatoka chumba cha nyuma alimokuwa amefungiwa. Lori lilipopita tulikuwa tumesimama kando ya barabara, vumbi lake likatufunika. Barua katibu alibaki nayo. Alisema ina mahali pake.

Kibandani kaka alifungua gitaa, akachungulia kwa muda mrefu.

"Umelitia uziwi," akasema.

"Ndiyo, kaka."

Alishika bisibisi. Nilidhani anataka kuurudisha ule waya mahali pake. Akazikaza zile skrubu zaidi, mpaka ubao ukalia.

Tangu hapo watu wa Soni wanalisifu gitaa la masikio matatu, na Paskali hasemi lolote. Ndugu Kristofa huja kwenye dansi, husimama karibu na bendi. Lakini nimemchunguza: akitaka kumwambia mwenzake jambo, kwanza huligeuzia lile gitaa mgongo, kisha hunong'ona. Nami nikipita mbele ya katibu mwenyewe nafunga mdomo, hata wimbo wa bendi siufuati.