Kumi na Wanne wa Ukanda wa Mashariki

Jumanne ya pili ya Septemba, saa moja na dakika kumi asubuhi, baada ya bei za nguruwe na kabla ya matangazo ya vifo, Verna Sedlacek aliweka kando kolache yake, andazi la Kicheki, akajilamba jamu ya plamu kidoleni, akaanza kutoa maoni yake ya kila siku redioni. Miaka ishirini na miwili watu wa Pruitt, Nebraska, walikuwa wakimsikiliza saa hiyo hiyo, wengine wakikamua ng'ombe, wengine wakitafuta soksi ya pili. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mitatu, mhafidhina tangu tumboni mwa mama yake, na maoni yake yote yalitosha katika kikapu kimoja: serikali iwe ndogo, deni lilipwe, majani yakatwe, na kinachofanya kazi kisiguswe.

Asubuhi hiyo alikuwa akimsifu Gordon Tice, kamishna wa kaunti kwa tiketi ya chama cha wahafidhina, chenye nembo ya tembo, aliyekuwa akigombea kwa mara ya tano. Alikuwa ndiyo kwanza amesema Gordon ni mtu wa kutunza alichokabidhiwa, mara taa ya laini ya pili ikawaka.

Rudy Bascom, fundi mitambo, aliitazama taa ile. Kampuni ya simu ilikuwa imeikata laini ya pili mwaka wa tisini na nane, na waya wake Rudy mwenyewe aliutumia kufungia mlango wa banda la kuku. Akabonyeza kitufe.

"Uko hewani," alisema Verna.

"Nakusikiliza miaka mingi, leo ndiyo mara yangu ya kwanza kupiga," ilisema sauti ya kiume.

Verna aliitambua. Ilikuwa ya mumewe, Milo, aliyemzika miaka minne iliyopita, mwezi Machi, matope yakiwa hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Milo, tuko hewani. Usitukane."

"Sijaanza kutukana. Huyo Gordon wako unayemvika kilemba cha ukoka alikuja huku makaburini jana na wapima ardhi. Wamenipigilia kigingi kifuani. Kina utepe wa rangi ya chungwa."

"Kinauma?"

"Hakiumi. Lakini si adabu."

Rudy aliinua vidole vitatu kuonyesha sekunde zilizobaki. Mpigaji alikuwa na sekunde arobaini, na Rudy hakuwa mtu wa kupendelea. Milo akasema asante, akakata, na Verna akasoma matangazo ya vifo. Siku hiyo hayakuwa na jina hata moja.

Baada ya kazi alikwenda makaburini kwa gari lake. Vigingi vilikuwapo, kumi na vinne, vimesimama kwa mstari katika ukanda wa mashariki kama watoto wanaongoja chanjo. Cha Milo kilikuwa pale alipokisema. Jiwe lao lilikuwa moja la watu wawili, kama desturi ya Pruitt ilivyo. Kushoto jina la Milo na miaka yake yote miwili, kulia jina la Verna, mwaka wake wa kuzaliwa, kistari, na nafasi laini isiyochongwa kitu. Kila Jumapili alikuwa akiipangusa nafasi ile kwa kitambaa cha vyombo, na akirudi nyumbani husikia njaa.

Gordon Tice alifika kituoni Alhamisi, amebeba vibao vipya vya kampeni kwapani. Alikuwa mnene, mwenye furaha, na aliketi kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa, kwa kuwa alikuwa amekikalia miaka kumi na sita.

"Verna, dada yangu, ni kabarabara tu. Malori ya mkwe wangu yanazunguka maili tisa kuyafikia mabanda ya nguruwe. Maili tisa! Mafuta yanateketea bure, na wewe ndiye unayetufundisha kubana matumizi."

"Walio pale wamezilipia nafasi zao, Gordon. Mali ya mtu ni mali ya mtu. Umeyasema mwenyewe, kwenye kiti hicho hicho."

"Mali ya mtu aliye hai."

"Hilo la uhai hukulisema."

"Tutawasogeza magharibi hatua chache, kwa heshima zote. Mchungaji atakuwepo, na keki itakuwepo."

"Na mimi je?"

Gordon alikunjua ramani, akaifuata kwa kidole. "Wewe hatukusogezi, maana bado hujafika. Nafasi yako itabaki pale pale ilipo. Barabara itapita hapa, katikati."

"Katikati ya nani?"

"Katikati yako na Milo. Mita sita tu, Verna! Hata sauti inafika." Alikunja ramani. "Na tafadhali, huu ni msimu wa uchaguzi. Tusitoane macho wenyewe kwa wenyewe wakati punda yuko mlangoni."

Punda aliyekuwa mlangoni alikuwa Joyce Lindqvist, daktari wa mifugo, mgombea wa chama cha pili, chenye nembo ya punda. Joyce alikuwa ameahidi kuyaacha makaburi yalivyo, ahadi isiyohitaji hata senti. Makamishna walikuwa watatu, wawili wao wanavutana kila siku kama mbuzi kwenye kamba moja, kwa hiyo kiti cha Gordon ndicho kilichoamua kila kitu.

Ijumaa, saa moja na dakika kumi, Verna alisema hewani: "Maisha yangu yote sijawahi kumpa punda kura, hata katika bodi ya maktaba. Lakini mhafidhina asiyeweza kuhifadhi kaburi, anahifadhi nini? Kofia yake? Mwaka huu, kwenye kiti hiki kimoja tu, nitavuka."

Mji mzima ulimwelewa. Kwenye mgahawa walisema Verna amenena. Mwenye duka la mbegu aling'oa kibao cha Gordon uwanjani kwake, akakirudisha saa mbili baadaye kwa sababu majani yalikuwa yamebaki na upara.

Wafu nao hawakulala. Laini ya pili ikawa haizimi. Bi Hazel Trumble, mwalimu wa piano aliyefariki kabla Rudy hajazaliwa, alipiga kueleza kwamba alichagua ukanda wa mashariki kwa ajili ya jua la asubuhi, na kwamba hana nia ya kuanza kulala kifudifudi uzeeni kukwepa jua la jioni. Ndugu wawili waliogombania ng'ombe hadi kifo walipiga pamoja na kusema kwamba katika hili, na hili tu, wanakubaliana. Wote walianza kwa maneno yale yale, kwamba wamesikiliza miaka mingi na leo ndiyo mara ya kwanza kupiga, hata waliokufa kabla kituo hakijajengwa. Redio, walisema, inapenya vizuri ardhini, hasa baada ya mvua.

Wasikilizaji walizoea. Mkulima mmoja alilalamika kwamba wafu wanakula muda wa bei za mahindi, Rudy akasogeza bei za mahindi mbele kwa dakika tano, na malalamiko yakaisha.

Wiki ya pili ya Oktoba Milo alipiga na sauti ya mtu aliyevaa tai.

"Verna, tumekaa kikao. Kumi na wanne wote. Tunataka kuandikishwa kupiga kura."

Rudy aliona sekunde zikipita kimya hewani, jambo ambalo kwa kawaida lilimtoa jasho, naye akaziacha zipite. Miaka ishirini na miwili, kila msimu wa uchaguzi, Verna alikuwa amepiga meza kwa ngumi akisema katika miji mikubwa maiti wanapiga kura na lazima wakomeshwe. Alikuwa na hotuba nzima juu ya hilo. Watu waliijua kwa moyo kama sala ya chakula.

"Milo," alisema hatimaye, "unajua ninalolisema kuhusu hilo."

"Nalijua. Nimelisikia jikoni, garini, na kitandani."

"Maiti hapigi kura."

"Hata maiti mzuri? Hata maiti wa tembo, anayevuka mara moja tu?"

"Hata huyo. Nikikufungulia wewe mlango, nitamfungia nani?"

"Kaburi lako lile, Verna. Mita sita."

"Najua ni mita ngapi."

Kule upande wa pili wa simu kukasikika mnong'ono, kisha sauti ya Bi Hazel: "Si niliwaambia? Si niliwaambia atakataa?"

"Sawa," alisema Milo, na ilionekana tai ameilegeza. "Ungesema vingine, ningedhani nimekosea namba. Je, kampeni tunaruhusiwa?"

Verna alimtazama Rudy. Rudy alikitafuta kijitabu cha sheria za uchaguzi, akakipitia chote mpaka jalada la nyuma. Hakikuwa na neno juu ya hilo.

Basi wafu wakafanya kampeni. Walipiga simu nyumba baada ya nyumba, saa za heshima tu, baada ya chakula cha mchana. Mama wa mwenye duka la mbegu alimkumbusha mwanawe avae koti, apunguze siagi, na asimpe kura Gordon Tice. Kocha wa zamani wa mpira wa shule alipiga kwa wachezaji wake wote, ambao sasa ni mababu, na wote wakajibu "Ndiyo, kocha" wakiwa wamesimama wima. Gordon mwenyewe alipigiwa na shangazi yake, nambari saba kwenye mstari wa vigingi. Alimsikiliza kwa upole nusu saa, akamtumia maua. Kufika mwisho wa mwezi hapakuwa na mtu Pruitt ambaye hakusema waziwazi kwamba wafu wana haki na barabara ile ni aibu.

Siku ya uchaguzi ilikuwa na jua na baridi. Kura zilipigwa ukumbi wa chini wa kanisa la Kilutheri, kina mama wa kanisa wakiuza pai za tufaha pembeni. Verna alivaa koti lake jekundu, akapokea karatasi yake, akaingia nyuma ya pazia la kadibodi. Karatasi ilikuwa ndefu: seneta, gavana, mkaguzi wa hesabu, bodi ya maji, kamishna. Alikuwa akijaza viduara vya tembo tangu ana miaka ishirini na mmoja. Alishuka navyo kutoka juu hadi chini kwa mkono usiotetemeka, kama mtu anayefunga vifungo vya shati, akaitumbukiza karatasi kwenye mashine, akapewa kibandiko cha kifuani cha waliokwisha kupiga kura, akanunua kipande cha pai.

Alikuwa garini, uma mdomoni, alipokumbuka.

Alirudi ndani. Bonnie Ahlgren, karani wa kaunti, alimsikiliza hadi mwisho.

"Ningependa kukusaidia, Mama Verna. Lakini karatasi ikishaingia imeingia. Wewe mwenyewe ndiye uliyetupigia kelele miaka mitatu tuifunge hiyo mashine kufuli mbili."

"Zote mbili zimefungwa?"

"Zote mbili."

"Vizuri," alisema Verna, na kweli alimaanisha. Akaenda kumalizia pai yake.

Gordon Tice alishinda kwa kura tisa.

Kesho yake, saa moja na dakika kumi, bei za nguruwe zikiwa zimepanda kidogo, Verna aliisogelea maikrofoni. "Wengi mtataka kujua nani aliyetuangusha," alisema. "Wa kwanza ni mimi. Niliingia mle ndani nikiwa na nia, na mkono wangu ukaingia na mazoea. Nimejaza tembo mpaka chini. Kinachofanya kazi hakiguswi, na mkono wangu, inaonekana, unafanya kazi. Laini ziko wazi."

Taa ya kwanza ikawaka. Alikuwa mwenye duka la mbegu. "Mimi pia, Verna," alisema kwa sauti ya chini. "Nimekumbuka nikiwa nyumbani, naangalia yale majani yenye upara. Mama ameshanipigia mara mbili."

"Mimi pia," alisema mkulima wa bei za mahindi.

"Mimi pia," walisema wachezaji wa kocha, mmoja mmoja, hadi Rudy akaacha kuhesabu, kwa maana tisa walikwisha kupita zamani. Mwishowe Rudy mwenyewe aliinama kwenye maikrofoni yake, jambo asilowahi kulifanya, akasema, "Na mimi," akarudi kwenye vitufe vyake.

Laini ya pili ilikuwa ya mwisho.

"Umesikia, Milo?"

Milo alikuwa akicheka, na nyuma yake walikuwa wakicheka wote kumi na watatu. Kicheko chao kilitoka kizito na chenye joto kama ugali unaotokota, kikajaza studio. "Nimesikia. Verna, mke wangu, ungejaza vingine, ningedhani wamemchagua mtu avae koti lako."

"Samahani, Milo."

"Sekunde arobaini zako zimeisha," alisema Milo.

Barabara ilijengwa Aprili, udongo ulipolainika. Wafu walisogezwa magharibi hatua chache, kwa heshima zote, na keki ilikuwepo, ya karoti. Bi Hazel alipoteza jua la asubuhi akapata la jioni, akaomba Rudy ampigie kinanda kufidia. Fundi alilikata jiwe la Sedlacek katikati kwa msumeno wa almasi, akafanya kazi safi. Nusu ya Milo ilikwenda ng'ambo. Nusu ya Verna ilibaki mashariki peke yake, na kistari chake, na nafasi yake laini. Gordon alipita kuikagua barabara, akasema kokoto zimemwagwa chini ya bajeti, na Verna alilitangaza hilo hewani, kwa sababu lilikuwa kweli.

Kila Jumapili Verna huja na kiti chake cha kukunja na kitambaa cha vyombo. Hupangusa upande wake kwanza. Kisha hutazama kushoto, hutazama kulia, kama watoto wa shule walivyofundishwa, huvuka, hupangusa upande wa Milo, huvuka tena, hukaa. Simu yake ya mkononi huita, namba haionekani.

"Nakusikiliza miaka mingi," husema Milo.

"Sema basi, wee mzee."

Huzungumza juu ya bei, na mvua, na nani agombee mwaka unaokuja. Wanakubaliana kwamba lazima awe tembo, ila tembo mwenye adabu. Lori la nguruwe likitokea, wote wawili huinua mkono, mmoja juu na mmoja chini ya ardhi, hungoja lipite na harufu yake, kisha huendelea pale walipoishia.