Mkono wa Wamuyu

Nyayo ndizo zilizowaponza. Zilitokea kwenye matete upande huu, zikakata juu ya ziwa lililoganda, zikaelekea moja kwa moja kwenye majumba marefu ya kitongoji cha Rågsved ng'ambo, walikopanga chumba chao. Zilikuwa nyayo za viatu vya wakubwa na vya watoto, hata za mbwa.

"Si unaona watu wanapita?" alisema Leokadia. "Tuzunguke ziwa zima kwa nini?"

Ilikuwa Pasaka ya mwaka 1970. Likizo yote hiyo ya chuo wasichana hao wawili, Leokadia wa Bukoba na Wamuyu wa Nyeri, walikuwa wakizurura Uswidi na mashanta mgongoni, msimu ambao hata Waswidi wenyewe hawasafiri. Hosteli za wasafiri zilikuwa zimefungwa kungoja kiangazi, wakawa wanalala kwenye kumbi za makanisa. Sasa basi la mwisho la mchana lilikuwa limewaacha, na nyumbani kunaonekana kwa macho.

Wamuyu aligonga barafu kwa kisigino. "Ndugu Mtanzania, una hakika?"

"Februari hatukuvuka hapa hapa? Umati mzima ulikuwa humu, na mzee mmoja anachoma soseji katikati!"

"Hiyo ilikuwa Februari."

"Nyie watu wa milimani mnaogopa maji hata yakigeuka jiwe."

"Na nyie mnafuata foleni hata hamjui inakwenda wapi. Haya, ongoza."

Wakashikana mikono, wakaingia. Hivyo ndivyo walivyotembea kila mahali, mkono kwa mkono, kama wanavyotembea marafiki kwao, na Waswidi wakiwakodolea macho madukani. Katikati ya ziwa barafu ilikuwa ngumu, nao wakacheka. Wamuyu akaimba kidogo, sauti ikapotea.

Leokadia ndiye aliyeona kwanza. Nyayo zilikuwa zimevimba na kupoteza kingo, na ndani yake kumetuama maji. Hazikuwa za leo wala za jana. Waliozikanyaga walikuwa wameacha kupita hapa wiki nyingi zilizopita, na hakuna aliyewaambia wao wawili. Aliubana mkono wa Wamuyu zaidi, naye Wamuyu, kana kwamba amesikia, akasogea bega kwa bega.

"Mbona umenyamaza?"

"Tumekaribia."

Ni kweli walikuwa wamekaribia. Matete ya ng'ambo yalihesabika moja moja. Lakini hapo ndipo kijito cha Rågsved kinapoingia ziwani, na barafu, iliyoliwa na maji yake chini kwa chini, ilikuwa imegeuka nyeusi. Chini yao kitu kikalia, sauti ndefu, kama mtu anayepasua shuka gizani. Wakasimama. Kila mmoja akamkumbatia mwenzake.

Ukingoni alitokea mama mmoja mwenye koti la kijani, na mbwa wake. Alipowaona alitupa kamba ya mbwa akaanza kupiga kelele. "Släpp! Släpp handen!" Huku akiitenganisha mikono yake hewani, mara moja, mara ya pili.

Leokadia alielewa. Mwachie mkono. Alifikiri, mwanamke gani huyu asiye na roho?

Ndipo barafu ikafunguka chini ya Wamuyu. Haikutoa kishindo. Alizama tu mpaka kifuani, macho yamemtoka, shanta likielea nyuma yake. Mkono wake ulibaki ndani ya mkono wa Leokadia.

"Leokadia! Usiniache! Leokadia, mama yangu!"

Leokadia akavuta. Barafu chini ya miguu yake ikabonyea, maji yakapanda yakamfunika viatu. Akavuta tena, ikabonyea zaidi. Kule ukingoni mama alikuwa analia sasa, anaonyesha tumbo lake, anaonyesha chini. Lala. Mwachie, ulale.

Akaitazama sura ya Wamuyu. Akafungua vidole.

Wamuyu alipiga ukelele ambao Leokadia hakuwahi kuusikia kwa binadamu. Leokadia akajitupa kifudifudi, uzito wake usambae, akarudi nyuma akitambaa, akavua shanta, akashika mkanda mmoja na kulisukuma mbele kwenye barafu. "Shika! Wamuyu, shika mkanda! Piga miguu!" Wamuyu hakushika. Alikuwa anautafuta mkono. "Mkanda, nakwambia!" Mwishowe akashika. Leokadia akavuta kidogo kidogo, kifua kimelowa maji ya baridi, akisikia barafu ikiguna chini ya mbavu zake, akingoja ifunguke na kwake. Haikufunguka. Wamuyu alitoka kama furushi, nao wakajiburura, mmoja huku, mwingine kule, mpaka kwenye matete.

Nyumbani kwa yule mama, Wamuyu alivikwa suruali ya sufu ya mwanamume na kupewa kahawa ya moto.

"Barafu ingetumeza wote," alisema Leokadia. "Wamuyu, unajua hivyo?"

"Najua." Aliutazama mkono wake wa kulia, akaufungua na kuufumba. "Mkono ndio haujui."

Walipotoka, barabara ya kwenda kwao ilikuwa lami kavu, imemwagiwa mchanga wa kuzuia utelezi. Leokadia alisimama kumngoja.

"Tangulia," alisema Wamuyu. "Nitakuja."

Leokadia akatangulia. Alitembea akitega sikio nyuma yake, kila hatua, asithubutu kugeuka.