Zaniyah Mbele ya Karani

Mjukuu wangu Zaniyah ana miaka tisa na kusoma kunamtesa. Herufi zinamchezea, ndivyo anavyosema mwenyewe. Kwa hiyo Dada Orlean, mwalimu wa watoto kanisani kwetu hapa kisiwani Johns Island, Marekani, alipotangaza kwamba watoto watajifunza habari za Bi Septima Clark, nilifurahi, kisha nikaogopa. Bi Septima ndiye aliyepigania zamani madarasa ya watu wazima visiwani humu, wajifunze kusoma ili karani wa kuandikisha wapiga kura asipate sababu ya kutunyima kura sisi watu weusi. Habari zake utazifundishaje bila kumtaka mtoto asome?

Dada Orlean ana moyo mwema. Alileta vitabu vya picha, akakata maboksi, akaandika jina la kila mtoto kwenye kipande chake. Watoto wakapitisha kidole juu ya herufi mara nyingi, kama wazee wao walivyofundishwa. Mama yangu alijifunza hivyo hivyo. Zaniyah alilipenda zoezi hilo.

Kisha wakagawiwa sehemu za mchezo wa Jumapili. Zaniyah akapewa mkulima: anakwenda kujiandikisha kupiga kura, anaambiwa asome katiba, anakwama, karani anamfukuza.

Tulipofika nyumbani akaniuliza.

"Bibi, unajua kwa nini nimepewa mkulima?"

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nitakwama tu. Nikikwama, watu watasema ninaigiza vizuri."

 Nikampigia Dada Orlean simu. Nikamweleza aliyosema mtoto.

"Mama Hattie, nilitaka kumsitiri."

"Najua, mwanangu. Labda nami ningefanya vivyo hivyo."

"Nimpe sehemu nyingine?"

Zaniyah alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. "Mwambie nabaki mkulima," akasema. "Lakini sikwami. Nitasoma yote."

Siku nane tukakaa mezani kila tukimaliza kula, kidole chake chini ya maneno, changu chini ya chake. Mimi mwenyewe si msomaji wa haraka. Neno moja refu la mstari wa pili tulilikata vipande vipande, kama kuku wa kukaanga.

Jumapili kanisa likajaa. Karani alikuwa Trevon, mvulana wa miaka kumi na mmoja, tai ya baba yake ikimning'inia karibu na magoti.

"Soma hapo, mzee, usinipotezee muda!" akasema kwa kiburi, na watu wakacheka.

Zaniyah, na kofia yake ya mkulima, akaanza. Mstari wa kwanza ukapita. Kwenye lile neno refu akakwama. Akakwama kweli. Kidole chake kikabaki pale pale.

Kanisani kwetu mtoto hakwami peke yake. Mzee Hosea akaita kutoka nyuma, "Taratibu, binti! Hatuna haraka!"

"Taratibu, mama!" kwaya ikaitikia.

"Msaidie, Yesu!"

Dada Orlean akafumba macho. Mkulima alitakiwa ashindwe, na kanisa zima lilikuwa linamsaidia. Trevon alikuwa amekwisha fungua kinywa amfukuze. Akakifunga, akasubiri. Sitamsahau mtoto yule kwa kusubiri kwake.

Neno likatoka, kipande kwa kipande. Mstari wa tatu Zaniyah aliusoma bila kusimama, na makofi yakapigwa mpaka madirisha yakatikisika.

Trevon akamtazama mwalimu, hajui afanye nini. Mwishowe akasema yaliyoandikwa, kwa sauti ndogo. "Umeshindwa. Nenda nyumbani."

"Ameshindwa nini?" Mzee Hosea akasimama na fimbo yake. "Mtoto kasoma! Wewe kijana, kasoma mpaka nukta!"

Hakuna aliyecheka. Sisi wazee tulijua kwamba wapo waliosoma mpaka nukta na bado wakafukuzwa. Watoto wakatazamana. Nadhani ndipo walipoelewa.

Karatasi ya Zaniyah haikuwa na maneno zaidi. Akaiweka kofia yake sawa.

"Basi nitarudi kesho," akamwambia karani. "Nitakuja na mama yangu na shangazi zangu wote, na wote wanajua kusoma."

"Kesho ni shule," Trevon akanong'ona, na kila mtu akasikia.

Kanisa likaangua kicheko, na Zaniyah akacheka nao. Sikuwahi kumwona akicheka huku ameshika karatasi ya kusoma.