Mshale Uliofungwa Mdomo

Usiku wa kuamkia leo nimeota thamostati amekuja gereji kwangu kudai kazi yake.

Kwanza nieleze gari lenyewe. Ni gari la spoti la milango miwili, jekundu, lenye turbo ya kuiongezea injini nguvu, la zamani kuliko mpwa wangu Agnela ambaye yuko chuo. Lilikuwa la kaka yangu Kastori. Mwaka jana Kastori alifariki ghafla, akiwa anavaa viatu kwenda kazini. Leo asubuhi mjane wake, shemeji Oliva, alikuwa aondoke nalo hapa Morogoro, yeye na Agnela, wapande mlima Kitonga mpaka nyumbani Tosamaganga kuweka msalaba kaburini. Alisema anataka marehemu alisikie likifika.

Shida ni kwamba gari lilikuwa linachemsha. Nilibadilisha rejeta, likachemsha. Nikabadilisha pampu ya maji, likachemsha vile vile. Mwishowe nikatoa thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, kama tufanyavyo mafundi wengi tukishindwa. Kisha nikafanya jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilichomoa waya wa geji ya joto. Mshale ukalala chini, ukatulia. Nikampigia shemeji simu, nikamwambia limepona.

Katika ndoto ni mchana, jua la saa saba. Thamostati anabisha hodi mlangoni, ingawa gereji yangu haina mlango. Ni mdogo, anaenea kiganjani, amevaa tai. Namkaribisha juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mimi nilikuwa bawabu," anasema. "Joto likifika nyuzi themanini na mbili, nafungua. Chini ya hapo, nafunga. Nilikosa nini?"

Namwambia hakukosa kitu. Anataka nimwandikie hivyo kwa barua. Namwandikia. Anaisoma mara mbili, anaikunja, anaitia mfukoni, halafu ananihimiza twende kumwona mgonjwa kwa kuwa saa za kuona wagonjwa zinakwisha.

Tunageuka, na gereji ni wodi. Gari limelazwa kitandani, limefunikwa shuka mpaka kwenye taa. Hakuna anayeshangaa. Mgonjwa wa kitanda cha pili anamenya ndizi. Kando ya gari ameketi mtu mwembamba mno, mwekundu toka kiunoni kwenda juu, mdomo wake umezibwa kwa utepe mweusi wa kufungia nyaya. Namtambua. Ni mshale wa geji. Utepe nao nautambua, kwa sababu huwa naukata kwa meno, na alama za meno yangu zipo.

Muuguzi ananiuliza mgonjwa ana joto kiasi gani. Nasema sijui. Anauliza nani anajua. Namwonyesha yule mwembamba. Muuguzi anaandika kwenye faili kwamba shahidi hawezi kusema, ananitaka niweke sahihi. Naweka. Kalamu ni ya moto.

Mshale anainuka, ananyoosha mkono kuelekea dirishani. Nje si ua wa hospitali. Ni Kitonga, mwamba upande huu, bonde upande ule, na gari jekundu linapanda kona baada ya kona. Natazama kitandani: shuka tupu. Natazama tena mbele, na sasa nimeketi kiti cha nyuma cha gari lenyewe, magoti yamenigusa kidevu, mshale kabanana nami ubavuni.

Shemeji Oliva ndiye anayeendesha. Agnela amelala kando yake, kapakata msalaba wa mbao. Mahali pa mshale kwenye geji kuna tundu tu. Oliva anamwambia binti yake aliyelala kwamba baba mdogo Tarsisi ni fundi wa kweli, gari halipandi joto hata kidogo.

Mimi nayasikia maji yakitokota chini ya miguu yetu kama sufuria la msibani. Nataka kumwambia asimame. Mdomo haufunguki. Nagusa midomo yangu, nakuta utepe mweusi. Namgeukia mshale. Mdomo wake sasa uko wazi. Amenyamaza kwa adabu tu, ananisubiri mimi nianze.

Naung'oa utepe. Unatoka na nusu ya sharubu zangu.

"Shemeji, simamisha gari."

Anasimamisha, haulizi sababu. Anashuka na Agnela, wanaketi juu ya jiwe upande wa mlima. Nafungua boneti. Ndani, kando ya betri, ameketi Kastori. Mguu mmoja umevaa kiatu, cha pili amekishika mkononi.

Namwamkia. Anaitikia kama tulivyokuwa tukiamkiana kila siku. Napeleka mkono kwenye mfuniko wa rejeta, ananizuia, anasema haufunguliwi ukiwa na moto, hata marehemu anaungua. Basi tunangoja. Malori yanapita polepole, madereva wamevua kofia, kama watu wanaopita penye matanga.

Injini inapopoa, Kastori anasema hewa imeingia kwenye maji, niitoe kwanza. Nalegeza kibolti cha kutolea hewa. Povu linatoka, linavimba, linapasuka, na ndani yake inatoka sauti yangu: "Limepona, shemeji."

Povu la pili: "Nimelijaribu mwenyewe mpaka Mikese."

La tatu: "Geji hiyo ilikufa zamani, usiiangalie."

Oliva yupo hatua tano tu, anasikia yote. Hainui uso. Anayeinua ni Agnela, ananitazama bila kupepesa macho, na nahisi aibu mpaka kwenye nyayo.

"Bado," anasema Kastori. Ana dumu la kulanti, yale maji ya kijani ya kupoza injini, anamimina kidogo kidogo. Mapovu yanaendelea. Mengine ni uongo wa miaka mingi, wa magari ya watu nisiowakumbuka. Natamani kukifunga kibolti, lakini fundi hafungi hewa ikiwa bado inatoka.

La mwisho ni dogo, linagoma. Linang'ang'ania mdomo wa tundu kwa muda mrefu. Linapopasuka, sauti ni ya chini sana.

"Sijui tatizo ni nini."

Kastori anaweka dumu chini. "Hilo tu," anasema. "Ungeniambia hata nilipokuwa hai, Tarsisi. Nisingekucheka."

Anaushika mkono wangu, anaupitisha chini ya turbo, nyuma kabisa, mahali jicho halifiki, hadi kwenye mpira mfupi wa kupitishia maji, mnene kama kidole gumba. Una ufa. Ananieleza kwamba ufa huo hufunguka ukipata moto tu, na maji yanayotoka hugeuka mvuke hapo hapo, hayadondoki chini, ndiyo maana sikuwahi kuyaona.

Naliwasha gari. Linanguruma vizuri. Nanyoosha mkono nilizime, ananizuia tena.

"Turbo haizimwi ghafla. Ipe dakika mbili ipumue." Anakitazama kile kiatu. "Mimi sikuzipata."

Basi tunakaa dakika mbili. Kastori anavaa kile kiatu cha pili, anakaza kamba, anafunga fundo, analirudia fundo. Anakanyaga chini kuhakikisha.

"Sasa zima," anasema.

Nikazima, na nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Saa moja Oliva na Agnela walifika gereji na mabegi, msalaba umefungwa kwenye khanga. Sikungoja salamu ziishe. Nilimwambia shemeji kwamba gari halijapona, kwamba nilichomoa waya wa geji ili asione joto, na kwamba sikuwa najua ugonjwa wake ila niliona haya kusema.

Aliweka begi lake chini. Kisha akaniuliza, "Ungetuacha tupande Kitonga?"

"Jana ningewaacha," nikasema.

Hakunitukana. Ingekuwa nafuu angenitukana. Alimwambia Agnela aulizie basi la saa tatu, kisha akasema kwamba Kastori atawasikia hata wakifika kwa miguu.

Nilitaka angalau anione nikifanya kazi. Nikafungua boneti mbele yake, nikapitisha mkono chini ya turbo, nyuma kabisa. Mpira mfupi ulikuwepo. Nikaufuata kwa kidole mpaka ukucha ukanasa kwenye ufa.

Nilipoutoa mkono, ncha za vidole zilikuwa zimelowa rangi ya kijani. Tangu tumzike kaka yangu, gari lile sijalitia kitu kingine zaidi ya maji ya bomba, na shemeji analijua hilo, kwani ndoo alikuwa akinijazia yeye.

Oliva akaushika mkono wangu, akautazama, akaunusa. Kisha akamwita Agnela aje aone.