Mpangilio wa Mkono Mmoja

Asubuhi ile mdogo wangu aliukataa tena mpangilio wangu wa kibodi. Hakusema ameukataa; angesema, ningejua pa kuanzia. Alibonyeza vitufe viwili vitatu kwa mkono wa kushoto, akaitazama skrini kama mtu aliyeletewa chai ya mwenzake, kisha akaisukuma kompyuta katikati ya meza na kuniuliza kama watoto wangu wameshafunga shule. Nikamjibu wamefunga. Moyoni nilikuwa nawaka moto.

Kiharusi kilimpata akiwa anafunga kamba za viatu aende kazini. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi ingawa unajikokota, ila mkono wa kulia haukurudi. Unakaa mapajani mwake na anausogeza kwa mkono mwingine kama mzigo alioachiwa na mtu. Na yeye kazi yake ni kuandika. Ana safu gazetini kila Jumamosi, safu ya kuchekesha, na najua watu waliokuwa wakilifungua gazeti kwa nyuma ili waanze na yake. Mhariri alimwekea nafasi muda wote huo, akawa anaziba pengo kwa waandishi wa kuazima, lakini sasa alikuwa ametuma ujumbe wa adabu nyingi kwamba mwezi ukiisha itabidi nafasi ipewe mtu mwingine. Wifi yangu ndiye aliyenisomea, tukiwa mlangoni, kwa sauti ya chini. Habari ya kuongea mashine ikaandika tulishaijaribu. Mdogo wangu alitoa sentensi moja, akanyamaza, akasema yeye hajui kufikiri kwa mdomo.

Basi kazi ikawa yangu, maana mimi ndiye mwandika programu wa familia nzima. Mtu akikwama simu anakuja kwangu, redio ikikoroma anakuja kwangu, kana kwamba nimesomea kila chenye waya.

Naomba nijisifu kidogo. Programu ninayoandikia, ile sisi wa kazi hii tunaiita edita, siitumii kama ilivyokuja. Nimeibomoa na kuijenga upya kwa miaka. Kila kitufe nimekipa kazi niliyoitaka mimi: hiki kinafuta mstari, hiki kinahamisha aya, hiki kinanirudisha pale nilipokuwa kabla simu haijaita. Humo naandika programu za mwajiri, na humo humo naandika barua zangu, risala za harusi za watu na hadithi ambazo simwonyeshi mtu. Ofisini hakuna anayethubutu kuigusa. Bosi wangu alikaa siku moja aandike neno moja tu, akafuta ukurasa mzima, akainuka ameinua mikono kama aliyekamatwa. Nikadhani mtu aliyeweza kujishonea nguo inayomkaa vile hawezi kushindwa kumshonea ndugu yake.

Mara ya kwanza nilimletea ya kwangu, nimeipunguza makali. Kiganja chake kikagusa kisipotakiwa, aya ikaruka, ikapotea. Wifi akasema mashine hiyo ina mashetani na akaihamisha mbali na kabati la vyombo. Mara ya pili niliigeuza kibodi. Ukishikilia kitufe kirefu cha nafasi, herufi za kulia zinahamia kushoto, kila moja kwa mwenzake, kama kioo. Ni jambo zuri sana ukilichora kwenye karatasi. Mezani, mdogo wangu alitaka kuandika "mimi", kidole gumba kikateleza, ikatoka "veve". Akarudia, ikatoka "veve". Nikamwambia ni mazoezi tu, azoee. Akaniambia mtoto anayeanza kutembea ana umri wake, na yeye ana wake.

Hapo ndipo nilipochemsha bongo kwelikweli. Wifi alikuwa amezihifadhi safu zake zote za nyuma kwenye flashi. Nilizichukua zote nikailisha edita. Sasa akiandika herufi chache, edita inatafuta kwenye safu zake neno alilozoea kuliandika, inaliweka mbele yake kwa rangi ya kijivu, na akigonga kitufe cha nafasi linakuwa jeusi. Baadaye nikaifundisha kuleta sentensi nzima. Nilitumia likizo yangu yote kwenye kazi hiyo. Watoto wangu walikula mayai mpaka wakaanza kuniuliza kama kuku naye ana likizo.

Ikafanya kazi. Nilisimama nyuma ya kiti chake nikimwona akiandika herufi, akigonga, akiandika, akigonga, na ukurasa unajaa. Kila kijivu kilipotokea nilikuwa namwambia gonga, gonga hiyo, hiyo nzuri. Ilihusu kitanda cha hospitali na jirani yake wa wodini aliyekuwa akikoroma, na ilichekesha mpaka nikaegemea ukuta. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa imekwisha na nimeshaituma. Nilimbusu utosini, kitu ambacho sijakifanya tangu akiwa wa kubebwa.

Ilitoka Jumamosi. Mhariri akapiga simu akisema jamaa amerudi, yule yule, hata harufu ya hospitali hana. Majirani walimpungia mkono dirishani. Kichwa kilinivimba, sifichi. Siku iliyofuata nilikwenda na maboresho: sasa ingeweza kumletea hata aya nzima.

Nilimkuta mezani. Gazeti lilikuwa limekunjwa vile vile lilivyoletwa, na kompyuta imefungwa. Nikaanza kumweleza habari ya aya. Aliniacha nimalize.

"Dada, hii ya jana nani kaiandika?"

Nikamwambia ni yeye, nani mwingine.

"Mimi nimegonga tu."

Nikamweleza, taratibu kadiri nilivyoweza, kwamba sikuazima neno hata moja kwa mtu. Yote yametoka kwenye safu zake mwenyewe. Ni yake, kila herufi.

"Ni ya yule," akasema, kisha akangoja ulimi umfuate. "Yule alikuwa na mikono miwili. Mimi nilitaka kusema jingine. Nikianza tu, ananichukulia sentensi, anaimaliza kwa mzaha."

"Kama hukuitaka, kwa nini uligonga?"

Aliusogeza mkono wa kulia mapajani kwa ule wa kushoto.

"Ulikuwa umesimama nyuma yangu."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Nilimwambia mengi. Nilimwambia nimemaliza likizo, nimewatelekeza watoto, nimefanya jambo ambalo watu wanaolipwa kulifanya hawajalifanya, na limekubali, gazeti limetoka, mhariri ameridhika, mji mzima unacheka, isipokuwa bwana mkubwa aliyekaa kwenye kiti. Nikamuuliza anataka nini basi, nimpandikize mkono wangu? Hilo la mwisho lilipotoka nililisikia. Wifi akachungulia kutoka jikoni, mikono ina povu la sabuni, akaniambia chai iko tayari kama nataka kwenda kunywa huko.

Mdogo wangu hakukasirika. Ningeona nafuu kama angekasirika. Alisema, "Iondoe."

"Ipi?"

"Yote. Isinisaidie."

Nikamuuliza habari ya nafasi yake gazetini, maana kwa mwendo wa kidole kimoja kimoja safu isingekwisha kabla ya mwezi kuisha, na hilo analijua. Akasema nimwambie mhariri ampe mtu mwingine. Alilisema polepole lakini halikuyumba. Nafasi ile aliipigania ujana wake wote; nilikuwepo. Nilimtazama nikijua kwamba likishatoka kinywani mwangu kwenda kwa mhariri, halirudi.

Nilikaa nikaanza kufuta. Asikudanganye mtu, kufuta kazi yako mwenyewe kunauma kuliko kufutiwa. Kioo, kikaenda. Maneno ya kijivu, yakaenda. Kitufe kile, na kile, na kile nilichokionea fahari, vyote vikarudi kuwa herufi za kawaida. Nilibakiza vitu vichache: maandishi yaonekane makubwa, kila anachoandika kijihifadhi chenyewe, na ile ya kumwezesha kuandika herufi kubwa bila kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Hivyo alivikubali kwa kichwa. Ilibaki edita tupu, ya mtu aliyeanza kutumia kompyuta leo, na mimi niliyeijenga nilikuwa naionea aibu.

Nikampigia mhariri nikiwa uani. Alisikitika kwa adabu ile ile.

Kisha nikaenda jikoni, nikapewa kitambaa nifute vikombe. Kutoka sebuleni ilisikika tap. Halafu kimya. Halafu tap. Sijawahi kusikia sauti inayotia kichaa kama ile. Kila kimya kilipochukua muda, miguu yangu ilijiandaa kwenda, maana nilijua herufi anayoitafuta iko wapi, najua ningeweza kumwandikia ukurasa mzima katika muda anaotumia kwa neno moja. Wifi aliweka kikombe kingine mbele yangu, na nilipokifuta akaniwekea kingine ambacho nadhani nilishakifuta.

Tuliendelea hivyo mpaka jua likahama dirishani. Nilivumilia nilivyoweza, kisha nikajifanya nakwenda kuchukua mkoba wangu. Mkoba ulikuwa kwenye kochi, kwa hiyo nilipita nyuma ya kiti chake. Kazi ya asubuhi nzima ilikuwa sentensi moja, ina makosa, nafasi mbili pasipotakiwa na herufi moja imerudiwa kwa sababu kidole kilichelewa kunyanyuka:

Leo dada amekaa jikoni kwa hiyo naweza kkusema kwamba  naogopa.

Mkono wangu ulishatoka kuelekea kwenye kibodi. Nilitaka kuondoa ile k ya ziada, naapa ndicho kitu cha kwanza nilichotaka, na baada ya hapo nilitaka kumwambia asiogope, daktari amesema anaendelea vizuri, na maneno mengine kama hayo yaliyokuwa yananijia yenyewe, moja likileta jingine.

"Bado sijamaliza, dada," akasema bila kugeuka.

Nikarudisha mkono. Nikarudi jikoni bila mkoba, nikaufunga mlango, nikakaa kwenye kigoda kando ya wifi yangu nikilia, na hata huku nalia nilikuwa nahesabu kimya cha upande wa pili.